Nani Aamue Makuzi ya Mwenzi wa Msafara?

Katika michezo ya video inayoitwa michezo ya kuvaa uhusika, yaani ile ambayo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika mmoja ndani ya hadithi ndefu na kumwongoza tangu akiwa dhaifu hadi awe shujaa, kuna swali ambalo watengenezaji wamelijibu kwa njia mbalimbali kwa miaka mingi, na ambalo wachezaji wengi hulipita kwa kubofya kitufe kimoja. Shujaa huyo mara nyingi hasafiri peke yake, bali hufuatana na wenzi wenye majina, historia, hasira na mapenzi yao, ambao hupigana pamoja naye na kukua kiuwezo kadiri safari inavyoendelea. Kukua huko hupimwa kwa ngazi: mhusika hupata alama za uzoefu kila anaposhinda pambano au kukamilisha kazi, na alama hizo zikifika kiwango kilichowekwa, hupanda ngazi moja na kupewa fungu jipya la uwezo, ambalo laweza kuwa nguvu za mwili, mbinu mpya ya upanga au uchawi ambao hapo awali hakuujua. Kwa upande wa shujaa mwenyewe hakuna ubishi, kwa kuwa mchezaji ndiye yeye. Ubishi uko kwa wenzi. Je, mchezaji aingie katika ukurasa wa kila mmoja na kumgawia fungu lake kwa mkono, au mashine imgawie yenyewe kiotomatiki, naye aendelee na safari?

Mfumo huu wa ngazi na wenzi haukuzaliwa ndani ya kompyuta. Ulianza mezani mwaka 1974, pale Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu, ambamo msimamizi mmoja huwasimulia wachezaji mahali walipo na yanayowakabili, nao humjibu watakalofanya. Tangu toleo hilo la kwanza, haiba ya mhusika ndiyo iliyoweka kikomo cha idadi ya wafuasi anaoweza kuwa nao, na katika toleo lililopanuliwa miaka michache baadaye, mfuasi wa aina hiyo alipata nusu tu ya fungu la uzoefu. Kanuni hizo mbili zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa zinamtambua mfuasi kuwa mtu wa pili mwenye hesabu yake mwenyewe, ambaye yupo msafarani kwa sababu amevutwa na kiongozi wake na hamilikiwi naye. Mezani haikuwa vigumu kujua nani amsemee mtu huyo, maana msimamizi alikuwa binadamu mwenye kumbukumbu, aliyeweza kusema kwamba kijana aliyenusurika moto mwezi uliopita sasa anataka kujifunza uganga badala ya upinde. Kompyuta ilipokikalia kiti cha msimamizi haikuja na kumbukumbu ya namna hiyo, na pengo lililobaki likajazwa ama na mkono wa mchezaji ama na jedwali.

Jedwali ndilo neno linalofaa hapa, kwa sababu wachezaji husema kwamba mchezo umechagua, kana kwamba kuna akili iliyotazama hali ya msafara na kufikia uamuzi. Katika Neverwinter Nights, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutoka mwaka 2002, mafaili ya mchezo yalibeba orodha zilizopangwa mapema kwa kila fani, na fani maana yake ni kazi anayoishikilia mhusika, kama vile mpiganaji, kasisi, mchawi au mwizi. Orodha hizo zilionyesha kipaji gani kichukuliwe kwanza na kipi kifuate, na mchezaji alipobofya kitufe cha mapendekezo, mchezo uliteremka tu kwenye orodha hiyo hatua kwa hatua. Orodha haikujua kwamba msafara tayari una waganga wawili na hauna mtu wa kufungua makufuli, wala haikujua kwamba mchezaji huyu hupenda kuvizia ilhali yule hupenda kuvamia. Ilijua fani na ngazi, basi.

Mwandishi wa makala haya alilielewa swali hili vizuri zaidi katika Dragon Age: Origins, mchezo mwingine wa BioWare, wa mwaka 2009, enzi za ujana wake, alipoucheza kwa zamu kwenye kompyuta moja na mwenzake wa bwenini, kila mmoja akiwa na safari yake aliyoihifadhi. Katika mchezo huo kila ngazi humpa mhusika pointi 3 za kuongeza sifa kama nguvu, wepesi au nia, pamoja na kipaji kimoja kipya, na anapofika ngazi ya 7 na ya 14 hufunguliwa nafasi ya ubingwa, yaani tawi maalumu la fani yake. Mwandishi aligawa yote hayo kwa mkono, akisoma maelezo ya kila kipaji kabla ya kukichukua, na zamu yake ikawa ndefu kwa sababu hiyo. Mwenzake aliiachia mashine kila kitu, akisema kwamba yeye amekuja kusikiliza hadithi, na kwamba mwanamke mtu mzima aliyesomea uchawi maisha yake yote hahitaji kijana wa bwenini amfundishe uchawi wa kuponya. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu na ingali nayo hadi leo. Kumchagulia mtu mzima kila hatua ya makuzi yake, kisha kumwita mwenzi, ni jambo lenye ukinzani ndani yake, na anayependa kazi ya mkono anapaswa kulijibu kabla hajaanza kuwadharau wanaobofya kitufe.

Tofauti ya matokeo haikuwa pale ambapo wengi wangeitafuta. Kwa kiwango cha kawaida cha ugumu, kikosi kilichokuzwa na jedwali kilishinda mapambano yake, pengine kwa dawa nyingi zaidi za kuponya, lakini kilishinda. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kila mmoja alikijua. Yule wa jedwali, aliyekuwa na muda wa kukaa kambini na kuzungumza na kila mtu, aliweza kusimulia habari za wenzi kama Leliana, Sten na Zevran: maisha ya Leliana huko nchi ya Orlais, upanga ambao Sten aliupoteza na kwa nini kuupoteza kulimnyima njia ya kurudi kwao, na jinsi Zevran alivyoikubali kazi ya kumuua shujaa akiwa hajali kama atarudi hai. Mwandishi aliyajua hayo kwa kugusia tu. Alichokijua kwa undani ni kwamba Wynne, yule mwanamke mchawi, anaweza kuwaponya watu wote wa kikosi kwa mpigo mmoja, kwamba Alistair, kwa mafunzo yake ya utemplari, ana njia ya kuufuta uchawi wa adui, na kwamba Leliana asipofundishwa kufungua makufuli mapema, masanduku ya nchi nzima yatabaki yamefungwa, kwa sababu katika mchezo huo hakuna upanga wala shoka linaloweza kulivunja sanduku lililofungwa. Mmoja aliwajua wenzi kwa maneno yao, na mwingine aliwajua kwa miili yao.

Kwa muda mrefu wa safari, ujuzi wa mwili unaweza kuonekana kuwa wa daraja la chini, jambo la wahesabu namba. Kisha mchezo wenyewe huleta mahali ambapo mambo hubadilika. Shujaa akikamatwa na kufungwa katika ngome ya Fort Drakon, mchezaji anaweza kuwachagua wenzi wawili waende kumtoa, naye huwaongoza wao huku shujaa akiwa kifungoni. Karibu na mwisho, jeshi linapoingia mji wa Denerim, shujaa husonga mbele na watu watatu tu, na wale waliobaki, ambao kwa wachezaji wengi ni wale walioketi kambini tangu mwanzo, hupewa lango la mji walilinde, tena mchezaji akiwaongoza bila shujaa wake. Hapo ndipo yule mwenzake wa bwenini alipoifungua safu ya vipaji vya mwenzi aitwaye Oghren na kukuta alama za kazi asizozijua, zilizochaguliwa na mkono asioujua, akalazimika kusoma maelezo ya moja baada ya nyingine huku adui wakiwa langoni. Alimjua Oghren kama mlevi mwenye huzuni ya mke aliyempotea. Hakumjua kama mtu anayebeba shoka.

Tukio hilo ndilo lililompa mwandishi msimamo anaoushikilia hadi sasa: kwamba thamani ya kumpandisha mwenzi ngazi kwa mkono haiko katika kumfanya awe na nguvu zaidi, kwani jedwali lililotungwa na watu wanaoujua mchezo laweza kuchagua vyema kuliko mchezaji, bali iko katika kumjua. Kila ngazi ni sababu ya kufungua ukurasa wa mtu mmoja na kujiuliza anaweza nini, anakosa nini na yuko karibu kufikia nini. Jedwali huondoa sababu hiyo, na kwa kuwa huiondoa kimyakimya, mchezaji hahisi kwamba amenyimwa kitu mpaka siku atakapokihitaji. Final Fantasy VI ya mwaka 1994 ilikuwa na mtihani unaofanana na huo, pale ambapo mnara wa mwisho huingiwa na vikosi vitatu kwa wakati mmoja, na mchezaji aliyewategemea watu wanne tu safari nzima hujikuta akiwatafuta wengine aliowasahau. Watengenezaji wa namna hiyo wanastahili sifa, kwa sababu wameukumbuka msafara mzima hata pale mchezaji aliposahau.

Lakini hata anayependa mkono hapewi mtu mtupu. Wynne anapojiunga tayari ana ubingwa wa kuponya kwa msaada wa roho, Morrigan tayari ana ubingwa wa kujigeuza mnyama, na mwenzi anayekutwa kuchelewa huja akiwa amekwisha kupandishwa na jedwali hadi karibu na ngazi ya shujaa, pointi zake zikiwa zimetumika. Wachezaji wengi hulilalamikia jambo hili, hasa kuhusu Morrigan, ambaye uwezo wake wa kujigeuza hutajwa mara nyingi kuwa dhaifu. Kwa maoni ya mwandishi, lalamiko hilo ni la haki nusu. Mtu unayekutana naye ukubwani ana maisha aliyoyaishi kabla yako, na kumkuta na maumbile ambayo usingemchagulia ni sehemu ya kukutana naye. Binti kama Morrigan, aliyelelewa na mchawi wa nyikani, atajua aliyofundishwa na mchawi wa nyikani. Nusu ya haki ni ile inayohusu ngazi zilizopandwa na jedwali baada ya hapo, ambazo hazina hadithi yoyote nyuma yake na hazikutokana na chochote isipokuwa mchezaji kupitia mji mwingine kwanza. Awakening, nyongeza ya mchezo huo iliyotoka mwaka 2010, ilileta kitabu ambacho mhusika akikisoma pointi zake zote hurudishwa azigawe upya, na bila shaka lilikuwa jibu kwa malalamiko ya namna hiyo.

Jibu hilo limefikishwa mbali kabisa na Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian ya Ubelgiji, iliyotolewa mwaka 2023. Humo ngazi ya juu zaidi ni ya 12, wenzi waliobaki kambini hupata uzoefu sawa na waliotoka, na kwa vipande 100 vya dhahabu mzee wa mifupa aitwaye Withers humvua mhusika yeyote makuzi yake yote na kumrudisha mwanzo, hata kumbadilishia fani. Faida yake kwa anayejifunza ni kubwa, maana woga wa kuchagua vibaya, ambao ndio unaowasukuma wengi kwenye kitufe cha otomatiki, hupungua sana. Hata hivyo uhuru huo una bei isiyolipwa kwa dhahabu. Mwenzi aitwaye Shadowheart huanza akiwa kasisi wa Shar, mungu wa giza na upotevu, na tawi lake ni la hila, yaani uchawi wa kujificha na kupotosha macho. Kwa hesabu za mapigano tawi hilo huonekana dhaifu, na wachezaji wengi hukimbilia kwa Withers kumhamishia kwenye tawi la mwanga au la uhai. Mungu wake habadiliki, wala maneno yake. Matokeo yake ni mwanamke anayeficha siri kwa kila mtu na kumwogopa mungu wake wa giza, huku mikono yake ikimwaga nuru. Hadithi yenyewe ina njia ndefu inayoweza kumtoa Shadowheart kwa Shar, na kwa mchezaji anayemwacha katika hila yake mpaka afike njiani humo, kubadilisha tawi wakati huo huwa na maana ambayo kubadilisha siku ya kwanza hakuwezi kuwa nayo.

Haki inataka pia kusemwa kwamba kazi ya mkono inaweza kuwa mzigo usiobebeka. Pathfinder: Kingmaker ya mwaka 2018 humpa mchezaji kikosi cha watu sita, wenzi wengine wakibaki nyuma, ngazi 20, na orodha ya vipaji ndefu kiasi kwamba asiyezijua kanuni za mchezo wa mezani ulioizaa hawezi kutofautisha kipaji kinachofungua njia na kile kinachoifunga. Kwa mtu huyo, kukaa kila baada ya ngazi akiamua kwa niaba ya watu wote hao ni kujaza fomu za ofisi, na hakuna anayemjua mtu kwa kumjazia fomu. Watengenezaji waliweka katika mipangilio chaguo la kuwaachia wenzi wapande kiotomatiki huku mchezaji akimshughulikia shujaa wake tu, na walifanya vyema. Kasoro ni kwamba chaguo la aina hii, hapo na katika michezo mingi, hufanya kazi bila kueleza. Mashine ingeweza kusema, kwa sentensi moja, kwamba mwenzi aitwaye Amiri amejifunza pigo hili kwa sababu anashika upanga mkubwa kwa mikono miwili, na mchezaji angesoma, angejifunza, na ngazi iliyofuata pengine angetaka kuchagua mwenyewe. Kupumzishwa kuchagua si lazima kuwe kunyimwa habari.

Wajapani wamelijaribu swali hili kutoka pande zote mbili. Katika Persona 3 ya mwaka 2006, wenzi hujifunza uwezo wao katika ngazi zilizopangwa, na hata vitani mchezaji hakuweza kuwaamuru hatua kwa hatua. Aliweza kuwapa mwelekeo wa jumla tu, nao wakaamua. Ulikuwa ukali wenye mantiki, kwa kuwa ni wanafunzi wenye nafsi zao, na shujaa peke yake ndiye anayeweza kubadilisha nafsi kama mavazi. Toleo la kubebeka la mwaka 2009 liliongeza amri za moja kwa moja, na ni vigumu kuwalaumu waliozitaka. Upande wa pili uko katika Final Fantasy X ya mwaka 2001, ambayo badala ya ngazi za kawaida ina ubao mkubwa wa duara ambao kila mhusika husogea juu yake na kuchukua uwezo anaoukanyaga. Tidus, Yuna, Lulu na wengine huanza katika njia ndefu zinazoeleweka. Kimahri huanza karibu na katikati, njia yake ni fupi, na baada ya hapo milango ya njia za wengine wote imo mbele yake. Ndiye huru kuliko wote, na ndiye ambaye wachezaji wengi humwacha benchi, kwa sababu mtu anayeweza kuwa yeyote hakumwambia mchezaji awe nani.

Kati ya ncha hizo mbili, mpango ulioliweka swali mahali pake panapostahili, kwa maoni ya mwandishi, ni ule wa Dragon Age II ya mwaka 2011, mchezo uliolaumiwa kwa mengi na kusifiwa kidogo kwa hili. Humo mchezaji huwagawia wenzi pointi kwa mkono, lakini kila mwenzi ana mti wa vipaji ulio wake peke yake, ambao shujaa hawezi kuupata na hakuna mwenzi mwingine anayeugusa, na mti huo umekatwa kutoka katika maisha yake. Varric hashiki silaha nyingine isipokuwa Bianca, upinde wake wa mitambo, kwa hiyo hakuna namna ya kumgeuza mpiga visu. Merrill, aliyetengana na watu wake kwa ajili ya uchawi wa damu, ana uchawi huo mtini mwake, na mchezaji anayemkuza hulazimika kuamua kama atauendeleza. Mfano ulio bora kuliko yote ni Anders, mganga anayeendesha zahanati ya siri kwa maskini wa mji wa Kirkwall huku akimbeba ndani yake pepo aliyekuwa wa haki na sasa ni wa kisasi. Mti wake una hali mbili zisizokaa pamoja: moja huuzidisha uponyaji wake na kumnyima ghadhabu, na nyingine huiwasha ghadhabu na kumzuia asiponye mtu. Mchezaji anayehitaji dawa humsukuma huku, anayehitaji moto humsukuma kule, na mara nyingi katika pambano moja humgeuza mara mbili au tatu. Jedwali lingeweza kumgawia Anders pointi zilezile. Lakini katika sehemu ya mwisho, Anders anapolilipua hekalu la mji pamoja na waliomo, aliyempandisha kwa mkono amekwisha kuuona mgawanyiko huo ukikua ngazi kwa ngazi, amekwisha kuutumia kwa faida yake, na anapotakiwa kuamua iwapo Anders afe au aishi, anamhukumu mtu ambaye yeye mwenyewe amemjenga kwa sehemu.